Mabuu ya Majani ya Yungiyungi

Mwaka tuliompoteza mtoto wetu wa kwanza, mume wangu alikuwa mwalimu katika shule ndogo ya misheni, upande wa Plateau, kwenye mashamba ya wazungu. Nyumba yetu ilikuwa karibu na bwawa ambalo mzungu mwenye shamba alikuwa amewachimbia ng'ombe wake. Lilijaa yungiyungi. Mimi nilishinda ndani. Majirani walikuja wakaniombea, wakarudi kuvuna mahindi.

Jioni moja mume wangu aliingia na karai la maji, suruali imelowa hadi magotini. Ndani ya karai kulikuwa na majani mawili ya yungiyungi yenye vijia vyeupe vilivyopindapinda.

"Mama," akasema, maana hakuacha kuniita hivyo hata baada ya mazishi, "watoto wa shule wameniuliza ni nani anachimba ndani ya majani haya. Sijui. Nisaidie kutazama."

"Si uwaambie tu ni mdudu?"

"Mdudu gani?"

Nikaliinua jani moja kwenye mwanga wa dirisha. Mwisho wa kijia, katikati ya ngozi mbili za jani, buu mweupe mwembamba kama uzi alisogea. Nilimkazia macho mpaka shingo ikauma.

"Huyu haonyeshi kichwa wala miguu," nikasema. Nikachukua jani la pili. "Lakini huyu ana kichwa, cha kahawia. Hawa si ndugu."

Tukaweka kila jani kwa chupa yake ya jemu na kufunika kwa kipande cha chandarua. Maji yalipoanza kunuka, nilitoka mwenyewe kwenda bwawani kuteka mengine. Jua lilikuwa kali usoni. Nilikuwa nimelisahau.

Baada ya siku kadhaa, chupa ya kwanza ilitoa nzi mdogo wa kijivu. Ya pili ikatoa mdudu kama mbu, mwenye vipapasio vya manyoya laini. Mume wangu akaruka nyuma.

"Ataniuma!"

"Mwangalie mdomo kwanza. Sindano iko wapi?" Nikacheka. Akanitazama, macho yakamjaa machozi.

Alinisihi nizipeleke chupa shuleni mwenyewe. Watoto wakanizunguka, na msichana mmoja akauliza, "Mama Mwalimu, sasa mama yao ako wapi?"

"Alitaga mayai kwa jani laini," nikamjibu, "akawaacha mahali penye chakula."

Sauti yangu haikukatika. Mume wangu alitugeuzia mgongo, akaendelea kufuta ubao uliokuwa safi tayari.