Mama Mkwe Juu ya Jiwe

Mama wa binti niliyemposa alikuja kutoka Dumila kuona nyumba ambayo mwanawe angekaa. Posa yangu ilikuwa haijajibiwa, na jibu lilikuwa kwake. Alipomaliza kuona nyumba akasema hataki kurudi bila kuyaona maporomoko. Nyumbani kwetu ni mlimani, juu ya mji, na njia naijua, kwa hiyo niliambiwa niwapeleke, yeye na binti yake.

Mkwe humgusi, na usoni humwangalii. Mimi hata kwa watu wengine ni mzito wa kusema. Nilitangulia, na nikiwa na neno nilimpa binti alifikishe.

"Mwambie mama hapo pana utelezi."

"Nimesikia," mama akasema nyuma yetu. "Mwanangu, huyu umemtoa wapi? Hata redio ya betri mbovu hukoroma kidogo."

Binti akacheka. Mimi niliendelea kutazama njia.

Tulipofika jua lilikuwa kali. Mama akavuka maji yaliyoishia kwenye vifundo vya miguu, akakaa juu ya jiwe kubwa katikati ya mto, akayapa maporomoko mgongo na kuweka kandambili zake pembeni. Binti akarudi chini kidogo, kwenye kona tulikowapita akina mama wanaouza matunda ya forosadi. Nikabaki peke yangu na mkwe.

Nilisimama ukingoni nikitazama maji, maana sikuwa na pengine pa kutazama. Yakapita majani mabichi. Likapita povu. Halafu maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Niliinua macho, kilele cha Bondwa, mlima wetu, hakikuonekana, kilikuwa kimefunikwa na wingu jeusi. Kwetu kila mtu anajua maana yake: mvua imeshanyesha juu, na maji yanakuja kwa mkupuo.

Niligeuka kumtafuta binti ili amwambie mama yake. Hakuwepo. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si tumeamkiana asubuhi?"

"Mama, maji."

"Nayaona. Mazuri sana."

Hapo nikasikia mawe yanagongana huko juu. Niliingia mtoni, maji yalikuwa yameshafika magotini. Nikamshika mkono nikamvuta.

"We kijana, una wazimu?"

Aliteleza akaniangukia begani, nikamkumbatia kiunoni nikamburuta hadi tukaanguka wote kwenye matope ya ukingoni. Nilipogeuka, lile jiwe halikuonekana tena. Palikuwa na maji mekundu tu na gogo linazunguka.

Nilisogea mbali naye nikainamisha uso. Maji yalikuwa yametukosa, lakini nilikuwa nimemkumbatia mkwe mchana kweupe, na nilijua hilo ndilo litakalosimuliwa Dumila. Yeye alikuwa anafunga khanga yake upya.

Binti akaja na kikombe cha forosadi. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, kandambili ziko wapi?"

Mama akamwonyesha mto kwa mdomo.

Nilivua raba zangu, nikaziweka chini katikati yetu, nikarudi nyuma. Akazivaa. Tuliteremka, mimi peku. Changarawe zilinichoma, lakini zaidi nilikuwa nasikiliza hatua zake nyuma yangu, nikingoja atamke.

Tulipofika kwenye nyumba za kwanza, akamwambia binti, "Mwambie mwenzio, siku ya kuja kuchukua jibu asimtume mshenga peke yake. Na yeye aje, aseme mwenyewe."

"Amesikia, mama."

"Sikukuuliza wewe."

Nikasimama. Nilikuwa bado natazama chini, nikaziona raba zangu kwenye miguu yake, zimejaa matope.

"Nimesikia, mama," nikasema.

"Haya," akasema, akanipita akatangulia.

Jioni ile alipanda basi la Dumila na raba zangu miguuni.