Mkia wa Kisiwa Chetu

Nyumba yangu iliingia ziwani mchana, jua likiwaka, mimi nikiwa ndani nasonga ugali. Ukuta wa nyuma ulitangulia, kitanda kikafuata. Nilitoka mbio na mwiko mkononi, maji magotini, na nilipogeuka niliona paa langu la nyasi linaelea kwenda Uganda kama halinijui. Jirani yangu, mjane kama mimi, alikuwa anageuza omena zake, dagaa wa ziwa letu, juani. Akanitazama, akautazama mwiko.

"Mama, ugali sasa uko wapi?"

"Samaki wanakula."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu nikakaa chini nikalia.

Watu wa bara hawaelewi kisiwa cha mchanga. Chetu, mbele kidogo ya Sio Port, hakikuwahi kutulia. Upande wa upepo ziwa lilikula, na upande wa pili, tulioita mkia, mto ulileta mchanga mpya. Mama mkwe wangu alinionyesha siku moja mahali alipoolewa: palikuwa ndani ya maji kabisa, na mtu amesimama kwenye mtumbwi juu yake anatupa nyavu. "Hapo ndipo nilipopika chai ya kwanza," akasema, bila huzuni yoyote.

Kwa hivyo tulihama na kisiwa. Kila mvua ndefu ikiisha, nyumba iliyobaki ukingoni ilibebwa mpaka mkiani. Zilikuwa nyumba nyepesi za fito na nyasi. Wanaume waliingia ndani, wakashika fito, wakainua, na nyumba ikatembea na miguu mingi chini yake, watoto wakiifuata wakipiga makopo. Mwanamke aliyehamishwa aliitwa bibi arusi hata kama ana wajukuu, na siku hiyo hakugusa sufuria, alipikiwa. Mimi niliolewa na ule mkia mara nyingi kuliko nilivyoolewa na marehemu.

Walioharibu nawajua. Ni mwenyekiti wa ufuo wetu, na tajiri mmoja wa Busia mwenye malori. Maboti ya tajiri yalikuja mkiani kuchota mchanga wa kujengea, na sisi tukawapokea wachotaji vizuri, tukawapa hata uji. Tulidhani mkia ni kama nywele, ukinyolewa unaota. Ulipoanza kupungua nilimwendea mwenyekiti.

"Mama, huu mchanga ni wa Mungu," akaniambia. "Ataleta mwingine."

"Mzee, na huyo Mungu siku hizi ana lori?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na maboti hayakuacha kuja.

Zamu yangu ilipofika, wanaume walienda mkiani kunitafutia mahali. Walirudi wanaangalia miguu yao. "Mama, hakuna mahali pa kukuweka," mmoja akasema. Nikabaki pale ukingoni mpaka ile siku ya ugali.

Sasa naishi bara kwa dada yangu, kule Bukhayo, naanika omena kwenye turubai na kuuza sokoni Bumala. Sijafa. Juzi niliingia duka moja jipya la Busia, ghorofa ambayo mchanga wake niliuona kwa macho yangu ukipakiwa mkiani. Nikavua viatu mlangoni.

"Mama, hapa hatuvui viatu," askari akaniambia.

"Boss, niache. Niko kwangu."

Alicheka, akanipisha. Nilizunguka duka lote miguu mitupu, sikununua kitu.

Lakini jirani yangu bado yuko kule, na sasa nyumba yake ndiyo ya ukingoni. Mvua imeanza. Wewe mwenyekiti, bado unakalia kiti chako. Wewe mwenye malori, majumba yako yamesimama, Busia mpaka Malaba. Pole zenu sizitaki. Njooni kisiwani mchana, watu wote wakiwa hapo, msimame mbele ya yule mama, mmwonyeshe kwa kidole: nyumba yake inabebwa ipelekwe wapi?