Saba Mara Kumi na Mbili

Bethan Pugh, mtoto wa muuza samaki wa Swansea, alikuwa na miaka kumi na saba alipochaguliwa kuingia shindano la vijana wafanyabiashara kwenye televisheni. Mtaa ulimsindikiza kwa vifijo, maana ulimi alijaliwa.

Katika nyumba waliyowekwa London, rafiki yake alikuwa Callum Ogden wa Rochdale, kijana wa mizaha asiyejua kununa. Asubuhi moja wakipaka mkate siagi, Callum alimnong'oneza, "Beth, mwenzio namba zinanichezea machoni. Tangu utotoni. Usimwambie mtu, eh?"

"Nife kwanza," Bethan akajibu.

Wiki ya tatu walitumwa Blackpool kuuza pai. Bethan ndiye aliyekuwa kiongozi, na ndiye aliyekosea bei. Kila pai ikauzwa kwa hasara. Kundi lao likaburuta mkia.

Kwenye chumba cha hukumu, ambamo kila wiki mmoja alitolewa shindanoni, Bwana Thackray, tajiri mwenye shindano, akamkazia macho. "Binti, nani alipanga bei ile ya kipuuzi?"

 "Muulize Callum," Bethan akajisikia akisema. "Huyo hata kuzidisha hajui."

"Ati nini? Kijana, saba mara kumi na mbili?"

Callum hakumtazama tajiri, alimtazama Bethan. Midomo ilimcheza, jibu lisije. Kamera ikamsogelea usoni.

"Nenda nyumbani," akaambiwa.

Kipindi kilirushwa Oktoba, nchi nzima ikaona. Bethan alimaliza wa pili, akapongezwa kila kona. Huko Rochdale, wenzake Callum walimvizia kwenye geti la shule: "Oya, profesa! Saba mara kumi na mbili?" Kabla ya Krismasi aliacha shule. Kisha akaacha hata kutoka nje.

Habari zilipomfikia Bethan, alipanda treni mpaka Rochdale. Mama yake Callum akafungua mlango, bado yumo kwenye sare ya kazi.

"Nimekuja kumwomba radhi, Bi Ogden. Bei niliikosea mimi."

"Na ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Basi kawaambie waliomcheka. Yeye anajua."

Mlango ukafungwa.

Bethan aliliandikia gazeti la mji ule barua, akakiri yote bila kujitetea. Likachapisha mistari sita, ukurasa wa ndani. Wiki iliyofuata Bi Ogden akampigia simu.

"Ameisoma," alisema. "Anasema usimtafute tena."