Kwenda Kuchora Handaki la Babu

Mwaka huu kikundi chetu cha wachoraji wa Morogoro kiliamua kufanya maonyesho, na kila mmoja akatakiwa kuleta picha tatu zinazosimulia kitu kimoja. Mimi nikachagua mashimo ambayo binadamu hujichimbia. La kwanza lilikuwa jirani tu: lile shimo la mchanga kwenye uwanja wa gofu, ambalo wabeba mikoba huliita banka. Nililichora asubuhi moja huku mheshimiwa fulani akihangaika kuutoa mpira wake humo, akiutukana kama vile umemkosea adabu. La pili nililitoa vitabuni, maana wachoraji wa vita vya Ulaya waliwachora watu wakilala chini ya ardhi, wamepangana kama samaki kwenye tenga, mabomu yakianguka juu yao. La tatu ndilo lililonipandisha basi: handaki alilochimba babu yangu nyumbani kwake Pasiansi, Mwanza, wakati wa vita vya Kagera.

Sisi ni Wahaya, na watani wetu husema Mhaya hata akijikwaa hujikwaa kwa Kiingereza. Basi handaki la babu limetajwa kwenye harusi, komunyo na misiba ya ukoo wetu: "Handaki lile lilituokoa." Baba yangu, mwalimu mstaafu, halizungumzii sana, nami nilidhani ni unyenyekevu. Nilipomuaga alisema tu, "Msalimie shangazi yako. Na usimchoshe kwa maswali."

Alfajiri tuliiacha Morogoro. Dodoma tulikunywa chai, Singida nikanunua kuku wa kukaanga, na tangu hapo nikawa na rafiki, mfanyabiashara wa mchele aliyekaa kiti cha pembeni yangu. Nilimsimulia habari za handaki mpaka Shinyanga.

"Babu yako aliokoa watu wangapi?" aliniuliza.

"Majirani wote," nikajibu.

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ulimi ulijiendea wenyewe, na yule bwana akatikisa kichwa kwa heshima, nami nikaipokea heshima ile.

Nyegezi, kwenye stendi ya mabasi ya Mwanza, tulifika giza limeingia. Shangazi Paskazia, binti wa mwisho wa babu na ndiye anayeishi katika nyumba ile, alikuwa amenisubiri hapo. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema, akinitazama tumboni. "Kuchora kunalipa, naona." Tulikula ndizi na sato, tukaongea habari za watu wote isipokuwa za handaki.

Asubuhi yake nililiona. Pasiansi nyumba zimejibanza kati ya mawe makubwa, na ukisimama nyuma ya jiko la shangazi unaliona ziwa lote mbele yako. Handaki liko hapo, chini ya jiwe moja pana: ngazi chache za saruji, mlango mwembamba, kisha chumba ambacho mtu hawezi kusimama wima. Siku hizi humo wanalala kuku. Nilifagia, nikatandika karatasi zangu, lakini shimo tupu ni shimo tu. Nilihitaji mtu ndani.

"Mimi usinichore," shangazi alisema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Nikamwomba aniitie jirani yeyote aliyekuwepo wakati ule. Akasita, kisha akaita ng'ambo ya ua. Alikuja Mama Minza, Msukuma mmoja mpole ambaye alizaliwa nyumba ile ya pili na bado anaishi humo. "Mwangaluka," alinisalimu, nikaitikia nilivyoweza. Niliweka kigoda ndani ya handaki, nikamwelekeza kwa ile sauti ninayowafundishia wanafunzi wangu wa kuchora.

"Mama, ingia ukae kama mlivyokaa siku ile king'ora kilipolia. Jikunyate kidogo. Uso uoneshe hofu."

Alikitazama kigoda, akamtazama shangazi, kisha akanitazama mimi.

"Mwanawane, mimi humo sijawahi kuingia."

Nikacheka. "Umesahau, mama. Ulikuwa mtoto."

"Sijasahau. Baba yangu ndiye aliyelichimba pamoja na babu yako, kila jioni wakitoka kazini, kwa sururu, kwenye mawe haya haya. Walikubaliana, nyumba mbili, shimo moja. King'ora kilipolia, baba akatuleta sote na mkeka wetu. Babu yako alikuwa amesimama hapo mlangoni. Akasema pamejaa."

"Pamejaa watu?"

Aliyenijibu ni shangazi, macho yake kwenye ungo. "Sukari," alisema. "Na vitenge. Sisi wanawe tulilala uvunguni mwa kitanda. Mle ndani ililala sukari."

Siku zile sukari iliadimika, watu walipanga foleni kwa kilo moja, na babu alikuwa na duka Mabatini. Aliogopa kuporwa, aliogopa zaidi kulazimishwa kuuza kwa bei ya serikali. Handaki likawa ghala ambalo hakuna ambaye angelitilia shaka. Vita vilipokwisha, mzigo ukatoka taratibu, kidogo kidogo, kwa wenye uwezo.

"Ndiyo iliyomsomesha baba yako seminari," shangazi aliendelea. "Na baba yako akakusomesha wewe kuchora."

Masikio yaliniwaka. Nilikuwa nimesimama na penseli mkononi mbele ya mwanamke yule, na penseli yenyewe ilikuwa imetokana na magunia yale. Niliona aibu ya babu, kisha aibu yangu ya kumwambia ajikunyate.

Nikamuuliza Mama Minza walikwenda wapi. Akaonesha mawe mawili nyuma ya nyumba yao, ambapo sasa pana tangi la maji. Walijibana hapo, mama yake akiwa mjamzito, mpaka ndege ikapita na mlio wake ukaishia ziwani.

"Hakufa mtu," alisema. "Ila baba alikuwa akisema mpaka uzeeni, mkeka wetu ungeenea juu ya magunia."

"Mama, tusamehe," nikasema.

"Babu yako nilimsamehe. Alipougua nilimpikia uji, muulize shangazi yako. Lakini kukaa humo nijifanye niliokolewa, hapana. Hilo usiniombe."

Akaenda zake kuanika dagaa.

Mchana sikuweza kukaa nyumbani. Nilikwenda Mabatini kulitafuta duka la babu, nikakuta fremu ya vifaa vya simu, na muuzaji akaniuliza nataka chaja ya aina gani. Nikiwa njiani kurudi nikaona si vizuri kumwendea Mama Minza mikono mitupu, nikanunua kilo mbili za sukari. Nilifika nazo hadi mlangoni kwake, mkono umeshainuka kubisha hodi, ndipo nilipotambua nilichobeba. Nikageuka mbio kama mwizi wa kuku. Shangazi aliufungua mfuko, akachungulia.

"Sukari tena?" akauliza.

Siku iliyofuata nilichora kutwa nzima. Niliyachora magunia ndani ya handaki, yamelala ubavu kwa ubavu, yamefunikwa vitenge kama watu waliopitiwa na usingizi. Jioni nilimpelekea Mama Minza nikiwa na hofu. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Sasa hapo sawa," alisema, akanirudishia.

Safari ya kurudi nilikaa karibu na mama mmoja wa Nzega aliyetaka kujua nilifuata nini Mwanza. Nikamwambia nilikwenda kumsalimia shangazi, nikajifanya nimelala. Nilikuwa macho, nikiwaza nitasema nini kwa baba. Niliona nitamvunja moyo, mzee wa watu, kwa kumchafulia baba yake. Nilifikiria hata kuchora picha nyingine, yenye watu. Jambo nililojifunza huko lilinikataza: shimo halikuambii limemhifadhi nani, mpaka umuulize aliyebaki nje.

Morogoro nilimkuta baba sebuleni. Niliiweka picha mezani mbele yake, nikabaki nimesimama kama mwanafunzi aliyeleta ripoti mbaya. Akavaa miwani, akainama, akapitisha kidole juu ya gunia moja baada ya jingine hadi kwenye ngazi.

"Umesahau sabuni," alisema.

Sikumwelewa. Akagonga karatasi kwa kidole, pale ilipokuwa tupu.

"Makatoni ya sabuni. Yalikuwa hapa mlangoni, mpaka juu. Wao walipokuja na mkeka wao, mimi ndiye niliyekuwa nayapanga."

Akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa penseli.