Kifurushi Kilichoandikwa Msahafu

Kwetu Malindi, katika mitaa ya zamani, mwanamume mgeni haingii nyumba yenye wanawake peke yao. Hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Kama ameleta mzigo, huuacha barazani, juu ya benchi la mawe lililojengewa ukutani kando ya mlango. Ndivyo nilivyokuta dunia, na sikuona ajabu. Mzigo ulikaa pale toka asubuhi mpaka mwenyewe arudi, watu wakipita, mbuzi wakipita, na ukakutwa ulivyoachwa. Sisemi watu wa wakati huo walikuwa malaika. Nasema tu kwamba mzigo ulikutwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake wawili, mimi na mamangu. Baba alikuwa amefariki. Kaka yangu alikuwa Jidda, dereva wa gari la watu, na kwa miaka mingi tulimjua kwa barua na vifurushi tu. Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari aliyempima alimweleza wazi kwamba alichokwisha kukipoteza hakirudi, lakini matone ya dawa, asubuhi na jioni bila kukosa, yangemlindia kilichobaki.

Kilichobaki hakikuwa kingi, ila kilimtosha. Aliniona uso nikisimama mbele yake. Alichagua mchele. Na baada ya sala ya alfajiri alikaa dirishani, akausogeza msahafu wake karibu kabisa na pua, akasoma. Msahafu huo alipewa siku ya harusi yake. Pembe moja ya jalada ililiwa na panya, naye akaishonea kitambaa cha kijani kwa mkono wake. “Mengine yakiniondoka nitastahamili,” aliniambia mara nyingi, “lakini kusoma, mwanangu, nisinyimwe.”

Dawa yenyewe Malindi haikuwako, na Mombasa ilikuwa ikionekana mwezi mmoja na kupotea mitatu. Kaka aliipata huko huko Jidda. Alizifunga chupa kwa pamba, akazizungushia leso au kitambaa cha gauni, akampa msafiri anayerudi nyumbani. Msafiri akifika Mombasa hukitia kifurushi kwenye basi, akamtajia kondakta nyumba kwa mdomo. Kondakta humtajia hamali wa Malindi, naye hukileta kwa mkokoteni mpaka barazani kwetu. Anwani haikuandikwa. Nani angeisoma, na ya nini, wakati kila mtu aliijua nyumba?

Miaka ya themanini ilipoingia, mji ulikuwa umejaa watu tusiowajua, na vifurushi vikaanza kutoweka. Kwa jirani iliondoka redio ndani ya boksi lake. Nyumba ya pili kiliondoka kitambaa cha harusi. Kila mtu akatafuta hila yake. Mmoja aliwaagiza mahamali warushe mizigo ndani kupitia dirisha, mpaka siku waliporusha sahani. Mwingine alikuwa akimketisha mama mkwe wake barazani kutwa nzima, na mama mkwe akalala usingizi mzito kando ya mzigo, ukaibwa hapo hapo alipokuwa akikoroma. Tulicheka sana. Kisha zamu yetu ikafika, tukaacha kucheka.

Nilikuwa nimekwenda sokoni na mama alikuwa kisimani uani. Hodi zilipigwa, hakuzisikia. Niliporudi jirani akaniuliza mzigo tuliouletewa ulikuwa na nini safari hii, nikatazama barazani, hapakuwa na kitu. Ilichukua miezi miwili kupata dawa nyingine, na katika miezi hiyo mama alipoteza upande mzima wa jicho la kushoto. Akaanza kujigonga na mlango.

Majirani walimshauri asomeshe halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi inayoogopwa pwani nzima. Mama alikataa. “Huenda ni mtoto wa mtu mwenye njaa,” alisema. “Nimwombee apofuke ili iwe nini? Mimi nitaona zaidi?” Nilimkasirikia. Mimi ningeisomesha siku hiyo hiyo.

Ndipo nilipopata fikra yangu. Barua za kumpelekea kaka niliziandika mimi, mama akisema nami nikinakili. Siku hiyo alipomaliza salamu zake na dua zake, mimi nikaongeza chini mistari yangu mwenyewe, sikumsomea. Nilimwambia kaka kwamba tangu sasa kila kifurushi akishone ndani ya kitambaa cha marekani nyeupe na juu yake aandike kwa herufi kubwa, za Kizungu na za Kiarabu, MSAHAFU. Mwizi gani wa pwani angekigusa? Asiyeogopa Mungu angewaogopa watu, na asiyeogopa watu asingepata wa kumuuzia.

Kaka alijibu kwa mstari mmoja uliojitenga na barua ya mama: “Umeniamrisha jambo zito, dada, lakini nitalifanya kwa ajili ya macho yake.”

Na hila ilifaa. Kifurushi cha kwanza kilikaa barazani toka saa nne mpaka alasiri, nami nikikichungulia dirishani kwa makusudi nione kitatokea nini. Watoto waliokuwa wakichezea barazani waliondoka wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akajifuta mikono, akakiinua na kukiweka juu zaidi, kwenye ukingo wa dirisha, kisha akajipangusa uso na kwenda zake. Nilicheka peke yangu humo ndani. Nilijiona mjanja kuliko mji wote. Kabla mama hajakigusa niliichana ile marekani nikaitia jikoni, motoni, nikampelekea chupa na leso. Cha pili nacho kikafika salama.

Kifurushi cha tatu kilipofika hatukuwako. Dada yake mama alikuwa amefariki Mambrui, tukaenda matangani, tukakaa huko siku tano. Tuliporudi dawa ilikuwa imebaki chini kabisa ya chupa, lakini sikuwa na wasiwasi, kwani kaka alishaandika kwamba nyingine iko njiani. Nikangoja wiki. Nikangoja wiki ya pili. Jirani akaniambia, “Mbona hamali alikuja mlipokuwa Mambrui? Nilimwona na mkokoteni wake mlangoni kwenu, hodi zake nilizisikia. Nilidhani mmeshaupata.”

Nikajua tumeibiwa tena. Hila imekufa, nikasema, watu sasa wanaiba hata msahafu. Nilikuwa na ghadhabu, na nilikuwa na aibu kwa sababu ghadhabu yenyewe ilikuwa ya uongo: msahafu haukuwamo. Jirani alisema mumewe akaulize msikitini, maana vitu vilivyookotwa hupelekwa huko. Msikiti ulikuwa hatua hamsini toka mlangoni kwetu.

“Na aulize,” nikamwambia. “Aulize kifurushi cha dawa ya macho.”

Hivyo tu ndivyo nilivyosema. Nilijua kilichoandikwa juu yake, na nilijua mumewe angehitaji kukijua. Lakini ningetamkaje? Kwamba mimi, niliyesoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu, nililitumia jina la kitabu cha Mungu kama kufuli la mlango? Lingefika kwa maalimu wa msikiti kabla ya magharibi, na kwa mama kabla ya isha. Nikanyamaza. Mume wa jirani akauliza, akarudi na jibu: msikitini hakuna dawa.

Mama hakulalamika. Kila jioni aliinua uso apate matone, kama alivyozoea, kisha akakumbuka kwamba hayapo, akauinamisha. Mwezi wa kwanza alikuwa bado akisoma dirishani, msahafu ukimgusa pua. Mwezi wa pili alikaa dirishani na msahafu umefunguliwa mapajani, akisoma alichokihifadhi. Kurasa alizifungua kwa kukisia. Niliandika Jidda, na barua ilikwenda kwa mwendo wake, na msafiri hakupatikana. Asubuhi moja nilisimama mbele yake, akaniuliza, “Umekwenda wapi, mwanangu?” Nilikuwa nimesimama pale pale. Nililia jikoni, maji ya chai yakichemka mpaka yakakauka.

Ulipita mwezi wa tano ndipo tulipobishiwa hodi na maalimu mwenyewe, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na hamali mmoja, mtu wa Kaloleni, si kijana, aliyesilimu miaka michache nyuma. Maalimu alikuwa ameubeba mzigo kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake, umefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kufukizwa udi. Niliufahamu kabla hajaufunua.

“Shikamoo, maalimu,” nikasema.

“Marahaba. Bi mkubwa yuko? Tumewachelewesha na amana yenu. Mtuwie radhi.”

Mama akasogea mpaka nyuma ya pazia la ukumbini, akakaa, na maalimu akaeleza akiwa barazani. Hamali alikuja akakuta nyumba imefungwa. Msahafu hakuweza kuuacha.

“Ningeuweka wapi, dada?” hamali akaniuliza, kana kwamba ninamlaumu. “Hapa watoto wanakalia, mbuzi wanalala. Mimi nami ni mgeni wa dini, sitaki kukosea. Nikaona mahali pake ni msikitini. Nikaupandisha kabatini, nikamwambia mzee anayefagia, mwenyewe atakuja. Halafu nikaitwa nyumbani Kaloleni, nikaanguka mnazi, nikavunjika mguu. Jana ndiyo nimerudi. Nauliza, naambiwa bado uko.”

Mzee anayefagia alikuwa amesahau mzigo uliletwa na nani. “Hatukuufungua,” maalimu akaongeza. “Amana haifunguliwi. Ijumaa mbili nilitangaza, mwenye msahafu uliotoka Arabuni aje auchukue. Hakuja mtu. Sikujua ni wa nyumba isiyo na mwanamume wa kusikia.”

Mume wa jirani alisikia. Baadaye nilimuuliza, akasema ndiyo, alikuwa safu ya pili, Ijumaa zote mbili. Lakini yeye alijua tunatafuta dawa. Ndani ya msikiti ule ule mtu mmoja mwaminifu aliuliza dawa na mtu mwingine mwaminifu akatangaza msahafu, na kifurushi kikakaa kabatini katikati yao, kikipanguswa vumbi kila Ijumaa. Kama kuna mwizi katika habari hii, mimi simwoni ila mmoja.

“Mungu akulipeni,” mama alisema nyuma ya pazia. Alitoa mikono nje, maalimu akamwekea kifurushi. Akakibusu. Akakigusisha paji la uso, mara tatu, machozi yakimtoka kwenye macho ambayo hayakuwa na kazi nyingine tena. “Kumbe mwanangu kaniletea msahafu na hakunambia.”

Walipokwenda zao aliniambia nikifungue, nimsomee, maana yeye hawezi tena. Alitaka kuusikia msahafu wa mwanawe.

Nilikaa chini na mkasi. Nilikata uzi wa kaka, ulioshonwa kwa mkono wa mwanamume, mishono mirefu isiyolingana. Ndani mlikuwa na leso ya zambarau, na ndani ya leso pamba, na ndani ya pamba chupa. Nilizitoa moja moja polepole nikaziweka kwenye mkeka. Mbili ziligongana. Nikakohoa.

Kisha nikainuka, nikautoa msahafu wake wa zamani kwenye shubaka la ukutani, nikarudi nao.

“Niupe kwanza niushike,” akasema.

Sikuweza kukataa. Alipitisha kiganja juu ya jalada, akaenda pembeni, na kidole gumba kikafika kwenye kile kitambaa cha kijani alichokishona mwenyewe. Kikatua hapo. Hamali mwingine alipita nje na mkokoteni, tukausikia mpaka ukapinda kona.

Akanirudishia msahafu. “Soma,” akasema.

Nikasoma. Nilikosea mahali pawili patatu na kila mara alinisahihisha kwa sauti ya kawaida. Nilipofunga akauliza, “Ni chupa ngapi?”

“Nne, mama.”

“Kajitahidi,” akasema. “Hajapata kuleta nne.”

Nilianza kumwomba radhi, akanikataza. Akanituma kalamu na karatasi. Alisema salamu zake na dua zake kama siku zote, halafu akasema, “Mwandikie kwamba dawa imefika na inanifaa. Asiache kuleta. Akijua, hatalala huko ugenini.” Akaongeza, “Na usiongeze chini.”

Niliandika hivyo. Mama aliishi miaka sita baada ya siku hiyo, na kaka hakuwahi kupata ruhusa ya kurudi mpaka mama alipokwisha kuzikwa. Katika miaka hiyo alileta dawa kila alipompata msafiri, imeshonwa ndani ya marekani nyeupe, imeandikwa juu kwa herufi kubwa. Nilizipanga chupa bila kuzifungua ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, likajaa. Hakuna hata kifurushi kimoja kilichoibwa.