Aliyeshiba kwa Mdomo Tu

Saa moja asubuhi, Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda. Nicodème Gasore amekunja suruali hadi magotini na anakanyaga udongo shimoni. Udongo ukishalainika, mwenzake Claude anaujaza kwenye kibao cha kufyatulia, anausawazisha kwa kiganja kilicholowa, kisha anakipindua. Tofali linabaki chini, bichi, linang'aa kwa maji. Kibao kinarudi kujazwa.

Kila baada ya muda Nicodème anatoka shimoni, anajifuta mikono kwenye majani na kwenda kwenye kibanda cha turubai. Hapo ameketi binti yake Aurore, mwenye miaka minne, akichezea kipande cha tofali. Baba anaushika mkono wa mtoto, anaufungua, anakitazama kiganja. Kisha anaishusha kidogo kope ya chini ya jicho. Wekundu upo. Anarudi shimoni.

"Anamkagua huyu mtoto kama noti ya bandia!" Claude anatania, na vijana wengine wanaangua kicheko.

Nicodème hacheki. Mwezi Machi mwaka huu viganja hivyo vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, na yeye, baba mzazi, aliombwa damu akashindwa kuitoa. Hakushindwa kwa woga wala kwa ugonjwa. Ilikuwa njaa aliyoificha, na mpaka leo akilitaja jambo hilo anainamisha kichwa.

"Nikuambie ukweli," anasema, macho yakiwa kwenye udongo. "Kuna watu walimwibia mtoto wao nguo, wengine walimwibia maziwa. Mimi nilimwibia Aurore damu, na niliiibia tumboni mwangu mwenyewe."

Nicodème, mwenye miaka thelathini na sita, alitoka Muyinga nchini Burundi mwaka 2015. Kufyatua matofali alijifunza hapa hapa. Siku njema, wakishagawana, kila mmoja hupata shilingi elfu nane za Uganda. Siku ya mvua hapati hata mia, maana tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope.

Msaada wa chakula ulipopunguzwa, naye mkewe Clémence akiwa mjamzito, Nicodème alianza kutembea na neno moja mdomoni: nimeshiba. Nyumbani akiwekewa sahani aliisogeza kwa mkewe na mtoto, akisema amekula kazini. Kazini wenzake wakimega bugali, ndio ugali wa kwao, alisema ametoka nyumbani tumbo limejaa. Uongo huo ulikuwa na miguu miwili, na kwa miezi kadhaa ulitembea vizuri tu.

Mtu atasema, basi hiyo si sifa, baba kujinyima kwa ajili ya familia? Ingekuwa sifa kama ingekuwa hiyo peke yake. Lakini hata pale chakula kilipokuwepo na mtu akamkaribisha kwa moyo mweupe, Nicodème alikataa.

"Kwetu mtu mzima hali barabarani," anaeleza. "Mwanaume haonekani anatafuna mbele ya wanawake wasio wa nyumba yake. Ukionekana, watasema huyu ametawaliwa na tumbo. Nimelelewa hivyo. Njaa niliiweza. Haya ndiyo iliyonishinda."

Machi mvua zilipokolea, Aurore alishikwa na malaria. Siku ya tatu akawa hawezi kusimama. Zahanati ya makazi ikamwita dereva wa gari la wagonjwa: mtoto apelekwe hospitali ya Mbarara upesi. Clémence alikuwa na kichanga cha wiki moja kifuani. Baba akafunga nguo chache na blanketi, akapanda garini na mtoto.

Kwenye wodi ya watoto alikuta vitanda vimejaa, na kando ya kila kitanda mwanamke. Wauguzaji wote walikuwa mama, shangazi na nyanya. Mwanamume alikuwa yeye tu. Dawa zilitolewa na hospitali, chakula kikawa juu ya jamaa za mgonjwa, kwa hiyo mchana wanawake walitoka uani na sufuria na majiko yao ya mkaa, wakapika, wakarudi kuketi mikekani kati ya vitanda na kula pamoja.

Nicodème alimnunulia Aurore uji na yai. Mtoto akiacha, alikifunika kilichobaki na kukiweka, labda jioni atakitaka. Yeye mwenyewe aligeukia dirishani mpaka wanawake wamalize.

Jirani wa kitanda cha pili alikuwa Godeberthe, mama wa Kikongo kutoka Kivu Kusini anayeishi pia Nakivale. Alikuwa akimuuguza mwanawe Gradi, aliyevunjika mguu. Huyu mama hana sauti ya kunong'ona.

"Baba Aurore, kuya tukule! Bugali iko mingi."

"Nimeshiba, mama. Asante."

"Umekulia wapi? Tangu jana sijaona unakula."

"Nimekula nje."

Nje kweli alikwenda, mara moja. Alinunua chapati langoni, akajibanza nyuma ya tangi la maji, akaisukuma yote mdomoni. Kabla hajatafuna, mfagizi wa hospitali akatokea na ndoo yake.

"Nilimeza nzima nzima mpaka machozi yakanitoka," anakumbuka. "Yule mama akaniuliza, 'Ssebo,' yaani bwana, 'umeiba?' Chapati nimenunua kwa pesa yangu, halafu naonekana mwizi! Sikurudi tena nyuma ya lile tangi."

Jioni Clémence alipiga simu. Alimwuliza mtoto anaendeleaje, kisha akamwuliza yeye anakula nini. Nicodème alimjibu lile neno lake. Ee, hata kwa simu, kwa mke wake mwenyewe, mahali ambapo hakuna aliyemwona!

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha njaa naye aliumbuliwa na tone moja la damu.

Aurore alikuwa ameongezewa chupa ya kwanza ya damu, akafumbua macho, lakini daktari alisema moja haitoshi. Akiba ya kundi lake la damu, O, ilikuwa imekwisha. Jamaa za wagonjwa wakaombwa wachangie ili damu ipimwe na watoto wapewe mapema. Nicodème alikuwa wa kwanza kusimama. Anakiri kwamba alijisikia mwanaume kamili kwa mara ya kwanza tangu afike pale. Kupika hajui, kukaa mkekani hawezi, lakini damu, hiyo anayo!

Benchi la wachangiaji lilikuwa kwenye korido, watu wamepanga foleni. Muuguzi, au musawo kama wanavyomwita huko, aliyekuwa zamu, Ancilla, mwenyeji wa Mbarara, alimkalisha na kumuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Ssebo, leo wewe nakula nini?"

"Nimekula vizuri, musawo. Nimeshiba."

Ancilla alimchoma kidole, akavuta damu kidogo, akaidondosha kwenye gilasi yenye maji ya bluu. Hicho ni kipimo: damu yenye nguvu huzama. Tone la Nicodème liliingia kidogo, likasita, likapanda juu na kukaa pale pale, watu wote kwenye benchi wakilitazama. Ancilla akajaribu kidole kingine. Likaelea tena.

"Wewe nadanganya mimi," Ancilla alisema, akaiweka gilasi mezani. "Hii si njaa ya leo, hii njaa ya siku mingi. Mimi nikitoa damu hapa, wewe naanguka. Nani tachunga mtoto?"

Mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, "Kumbe baba mwenyewe hana damu!"

"Nilitamani ardhi ipasuke nizame," anasema Nicodème. "Mtoto wangu anakufa chumba cha pili, na mimi nimekaa pale mbele ya watu, ni kama nimevuliwa nguo sokoni. Kumbe lile tone lilisema yote niliyokuwa nayaficha. Nilitaka kumwambia musawo ajaribu kidole cha tatu."

Godeberthe alikuwa akipita na chupa ya chai. Alisikia kila kitu. Aliiweka chupa chini, akaja mpaka kwenye benchi.

"Miye niko O. Kule Uvira nilitoaka damu mara mbili. Nipime."

Tone lake lilizama moja kwa moja. Akalala, akatoa, akainuka. Kama kawaida, mchangiaji akapewa soda na biskuti. Godeberthe alitoka navyo mpaka kwenye ngazi za nje alikokuwa amekaa Nicodème, akamwekea mapajani.

"Kunywa."

Na Nicodème, Mungu amsamehe, akajibu: "Nimeshiba, mama."

"Neno lilitoka lenyewe," anasema sasa, na kwa mara ya kwanza anajifunika uso kwa mikono yenye tope. "Naapa sikulituma."

Tulipomtembelea Godeberthe, ambaye nyumba yake iko upande mwingine wa makazi, bado alikuwa na hasira za siku ile, ingawa alizichanganya na kicheko.

"Nilimwambia: umeshiba nini? Umeshiba haya? Bibi yako, mama Aurore, amekutuma hapa umuchunge mutoto, weye unataka kumuletea maiti mbili! Kula mbele ya bantu haiuake muntu. Njaa njo inauaka." Anatikisa kichwa. "Akakunywa ile soda analia kama mutoto. Bantu benye kupita banatuangalia. Nikamwambia, muache baangalie."

Damu ilipimwa, na kesho yake mchana Aurore akaongezewa chupa ya pili. Jioni aliomba yai. Tangu saa ile mpaka waliporuhusiwa, Nicodème aliketi mkekani na wanawake. Mwanzoni aliwapa mgongo, akila kwa kuuangalia ukuta. Hakuna aliyemcheka. Mmoja alimwambia tu asogee kidogo, anaziba njia.

Lakini habari haziendi kwa gari la wagonjwa. Hufika kabla yako. Alipotua Rubondo na mtoto mgongoni, Clémence alikuwa ameshasikia. Alimpokea Aurore, akamlaza, kisha akamgeukia mumewe.

"Nilikuwa napiga magoti kila jioni namwombea mtoto," Clémence anasimulia, kichanga kikinyonya. "Ningejua, ningeombea wawili. Aliniambia ameshiba! Mimi nilikula sahani yake miezi yote nikiamini ana nyingine kazini. Amenifanya na mimi mwenye aibu, na sikuwa nimekosa kitu."

Maneno hayo, Nicodème anasema, yalimuuma kuliko yale ya kwenye benchi. Siku hizi wanagawa chungu pamoja, kilichopo, mbele ya macho ya wote. Kikiwa kidogo, kinakuwa kidogo kwa kila mtu. Kazini naye anamega bugali na wenzake, ingawa Claude anadokeza kwamba bado anakula kwa haraka kama anayefukuzwa.

Sasa kuna jambo jingine. Jumanne ijayo Aurore anatakiwa arudi Mbarara kupimwa, na huenda akalazwa tena siku mbili tatu. Clémence hawezi kwenda na kichanga. Mama yake mzazi, Pascasie, anayeishi nyumba ya jirani, ametangaza kwamba mjukuu wake haendi tena na mtu anayelidanganya tumbo lake. Ataenda mwenyewe, amesema, hata kama magoti yake hayamruhusu kupanda gari bila kubebwa.

Nicodème anataka kwenda yeye. Anataka kubeba sufuria na mkaa, apike uani na wanawake, ale mkekani, mtoto amwone. Halafu akakae tena kwenye benchi la Ancilla.

"Naomba tone langu lizame," anasema. "Hata damu ikienda kwa mtoto nisiyemjua, ni sawa. Ya Godeberthe ilikuja kwa mtoto asiyekuwa wake. Lakini mama mkwe akikataa, nitasema nini? Ana haki."

Ni saa saba mchana. Vijana wamekaa kivulini, na Pascasie anaonekana akija polepole na fimbo yake, chungu kimefungwa kwa kitenge kichwani. Claude anainuka, wengine nao wanainuka ili waondoke na Nicodème, kwa sababu kila Mrundi hapa anajua: mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Hakuna utovu wa adabu unaozidi huo.

"Kaeni," Pascasie anawaambia. Anafungua kitenge. Ni maharage ya mawese, na bugali, na bakuli moja. Analijaza bakuli, analiweka mbele ya Nicodème, anajishusha taratibu kwenye rundo la matofali, na hageuki. Anamtazama usoni.

"Kula, nikuone."

Nicodème ananawa. Tonge la kwanza linamponyoka. La pili linafika mdomoni, naye anatafuna jasho likimtiririka, shingo imeinama, masikio yamewaka. Aurore anakuja kumwegemea begani. Hakuna anayetania. Inachukua muda mrefu, na mama mkwe haondoi macho hata mara moja, mpaka bakuli limebaki tupu.

Pascasie analivuta, anachota tena na kumsogezea.

"Jumanne utaenda wewe," anasema. "Ongeza."