Mgeni Aliyejitandikia Kitanda

Nianze kwa kukiri wivu, maana bila wivu nisingeijua habari hii vizuri. Mimi ni dobi wa hoteli. Kazi yangu iko chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye mashine mbili za kufulia, moja ikitetemeka kama mtu mwenye homa, na shimo la ukutani ambamo shuka chafu huporomoka kutoka ghorofa zote na kuniangukia miguuni. Nimezifua miaka kumi na minne, na hakuna msafiri hata mmoja aliyewahi kushuka kuniuliza hali, sembuse kuniachia bakshishi. Bakshishi huishia juu, na ya ghorofa ya tatu ilikuwa inaishia kwa mama yangu mdogo.

Hoteli nzima inamwita Foronya. Ni mdogo wake marehemu mama, mwanamke mfupi mwenye miguu inayochoka na ulimi usiochoka. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akivalisha mito ya wageni, na akirudi nyumbani anashona foronya za maua kwa mkono, basi jina likamganda. Za kwake mwenyewe ameshona mbili tu, nyeupe zenye ua jekundu pembeni, akazifungia sandukuni. Alisema atazilalia siku atakapostaafu, naye alale kama mgeni.

Niliposikia watu wanamsifu nilikuwa nabetua midomo. Kutandika kitanda nako ni elimu? Mpaka siku nilipopandisha taulo nikamkuta amesimama mlangoni mwa chumba kilichoachwa asubuhi ile, mikono nyuma, hagusi kitu.

"Mama mdogo, unamngoja nani?"

"Nyamaza. Nakiuliza chumba kwanza."

Palikuwa na noti kwenye meza ndogo ya kando ya kitanda, na saa ya mkononi juu yake. Mimi ningezitia mfukoni, nisiwe muongo. Yeye akaziangalia, akatikisa kichwa. "Hizi zimetoka mfukoni kwa mtu aliyechoka. Pesa iliyosahauliwa imelala ovyo. Pesa ya zawadi imekaa." Akazipeleka mapokezi zikaandikwe kwenye daftari la vitu vilivyosahaulika. Haikupita saa moja, mwenye saa akarudi mbio kutoka uwanja wa ndege, kijasho chembamba kinamtoka, akaishika ile saa akalia. Kumbe ilikuwa ya baba yake.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, ingawa sikumwambia. Alinifundisha kwamba Wamarekani aliowahudumia wengi huacha juu ya mto, tena kila siku, na kikaratasi cha asante ili usiogope kuchukua. Kuna wanaosubiri siku ya kuondoka. Kuna anayekupa mkono wa kwaheri na noti imekunjwa kiganjani, na ukiiangalia mbele yake umemuaibisha. Kuna asiyetoa senti, wala hana ubaya. Kwao ukimpa mtu pesa ya ziada ni kama umemwambia tajiri wake hamlishi. "Akili ni nywele," alikuwa anasema, "kila mtu ana zake. Ukimhukumu mgeni kwa nywele zako utamnyoa vibaya." Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea kati ya zawadi na kilichosahauliwa.

Kisha tukaletewa meneja mpya. Alikuja na fomu. Mhudumu akichukua kitu cha mgeni ambacho si chake, kazi imekwisha. Mgeni akikataa kuhudumiwa siku tatu mfululizo, fomu inajazwa, na mkataba wa mhudumu haufanywi upya. Mkataba wa Foronya ulikuwa unasainiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, nao ulikuwa wa mwisho. Mwaka mmoja tu ulibaki apate kiinua mgongo chake. Usiposainiwa, anatoka mikono mitupu.

Naye bwana wa mapokezi, kujipendekeza kwa bosi, akabandika ukutani orodha ya nchi na desturi zake za bakshishi. Mbele ya Japani aliandika kwa herufi kubwa: HAWATOI KABISA.

Jumatatu akaingia mgeni wa chumba 312, mzee wa Kijapani, mwembamba, peke yake na begi dogo. Asubuhi ileile Foronya alipokwenda kumwekea taulo, alikuta mgeni ametoka, na juu ya meza kuna bahasha ya karatasi nyeupe, imekunjwa kwa makini, imewekwa sambamba na ukingo wa meza, uso wake umeelekea mlangoni. Ndani mlikuwa na pesa. Zilionekana kivuli tu.

Jicho lake likamwambia: hii imekaa. Lakini orodha ilisema hawatoi. Na ilikuwa siku ya kwanza. Nani humpa mhudumu kitu na hata uzi hajafagia? Na fomu za meneja nazo zilikuwa hazimtoki kichwani. Mganga hajigangi. Mwanamke aliyetufundisha sote kusoma vyumba akaacha kuliamini jicho lake siku aliyolihitaji kuliko zote. Akaipeleka bahasha mapokezi.

Bwana wa mapokezi akamrudishia mgeni alasiri, meno yote nje. Yule mzee akaipokea, akaitazama kwa muda, akainamisha kichwa, akapanda ngazi badala ya lifti.

Jumanne hakuna shuka ya 312 iliyoniangukia. Jumatano vilevile. Mimi huijua hoteli kwa shuka zake, nikaanza kuhangaika. Mara Foronya akashuka mwenyewe, jambo asilolifanya kwa sababu ya miguu.

"Njoo uone," alisema. "Njoo uone nilivyoshindwa."

Nilidhani kumeibwa kitu. Akafungua mlango wa 312, nami nikabaki nimeduwaa.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Neno hilo ni dogo mno, lakini sina jingine. Shuka ilikuwa imenyooka hata ungedhani haijawahi kulaliwa. Pembe zimechomekewa chini ya godoro kwa mkunjo uliolala juu ya mwenzake, zote nne sawasawa. Taulo bafuni zimekunjwa, sinki imefutwa mpaka kavu, na takataka zake amezifunga kwenye mfuko mdogo akauweka karibu na mlango, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa na takataka. Mimi kwa kutia chumvi sijambo, lakini hapa sitii hata punje. Nywele zilinisimama. Tulipiga magoti wote wawili, watu wazima, tukaitazama pembe moja ya kitanda.

Foronya aliigusa kwa kidole kimoja. "Miaka ishirini na miwili, dobi, na sijawahi kutandika hivi. Huyu kafundishwa na nani?"

"Basi si amekurahisishia kazi?"

"Amenikataa! Jana hivi, leo hivi. Msimamizi wa vyumba ameshaniambia: kesho ikiwa hivi tena, meneja anakuja mwenyewe na fomu yake."

Tukatoka. Alikaa chini kwenye zulia la ukumbini, mgongo ukutani, na miguu yake ameinyoosha. Sikuwahi kumwona amekaa zamu haijaisha. Mara akajipiga paja.

"Mtu anayekunja shuka hivi anaweza kusahau bahasha mezani?"

Nikaona alikokuwa anaelekea.

"Ilikuwa imekaa," alisema. "Niliiona imekaa. Alinipa kabla sijafanya lolote, ili nimpokee. Mimi nikamrudishia kama mtu anayefunga mlango. Sasa anajitandikia asinisumbue. Maskini, anadhani mimi ndiye niliyemkataa!"

Baadaye kabisa, kiongozi wa watalii aliyekuwa akimtembeza yule mzee mjini alitueleza kwamba kweli, kwao kwa kawaida hawatoi bakshishi, orodha haikudanganya. Ila katika nyumba za wageni za kizamani wapo wanaompa mhudumu kitu siku ya kwanza, kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, kwa sababu pesa tupu haina heshima. Yule mzee alizoea hivyo. Lakini siku ile hatukuwa na wa kutueleza. Mama yangu mdogo aliyajua hayo kwa kutazama mkunjo wa shuka. Nikiwaza mpaka leo nashangaa.

Siku ile lakini nilikuwa na haraka. "Sasa nenda kamwambie. Mwambie umekosea, akupe tena."

"Zawadi haiombwi mara ya pili, we mtoto." Mimi nina wajukuu wawili, lakini kwake ni mtoto. "Bahasha ni yake. La kwangu ni kumkaribisha, na sikumkaribisha. Nishike mkono niinuke."

Wakati wa chakula cha mchana hakula. Alikwenda kwao, akarudi anahema, na kitu amekifumbata kifuani ndani ya gazeti. Nilikijua kabla hajakifungua. Ilikuwa mojawapo ya zile foronya mbili.

"Mama mdogo, una wazimu? Vitanda vya hapa ni vyeupe vitupu. Meneja akilikuta ua hilo hata fomu hatangoja."

"Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa nililofanya," alisema. "Si kwa nisilofanya."

"Na ile ya kulalia ukistaafu?"

"Imebaki moja. Nina vichwa vingapi?"

Akaingia 312. Hakugusa shuka ya mzee. Kuvuruga kazi ile, alisema, ingekuwa dhambi. Aliuvua mto tu, akauvalisha upya, akausawazisha kwa viganja viwili na ua likaelekea mlangoni. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka nje, akafunga.

Alhamisi asubuhi nilijipakia taulo ambazo hakuna aliyeziagiza nikapanda ghorofa ya tatu. Mgeni alikuwa ameshatoka. Meneja alikuwa mlangoni, kalamu mkononi, msimamizi wa vyumba kando yake anaangalia viatu. Foronya alisimama na toroli lake, amevaa sare iliyopigwa pasi, nami ndiye niliyeipiga. Mimi niliomba kimoyomoyo, nami si mwombaji hodari.

Meneja akafungua.

Kitanda kilikuwa kimevurugwa. Blanketi limesukumwa miguuni, shuka imechomolewa pembe zote nne, mto uko katikati na shimo la kichwa limebaki juu yake, karibu kabisa na lile ua jekundu. Lakini ukitazama vizuri, ungemhurumia aliyekivuruga. Blanketi lilikuwa limesukumwa likanyooka. Pembe nne zilikuwa zimechomolewa kwa urefu mmoja. Mzee wa watu alijitahidi kuacha fujo na hakuiweza. Hata kuvuruga kwake kulikuwa na adabu. Taulo moja ilikuwa imetupwa bafuni, sakafuni, imekaa mraba.

Nilisikia Foronya anavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

"Mbona kitanda kiko hivi?" meneja aliuliza.

"Ndiyo kwanza naanza, bosi," alijibu, na machozi yanamtiririka bila aibu. "Ameniachia."

"Na hiyo foronya?"

"Ya kwangu. Nimemwekea mimi."

Msimamizi alifumba macho. Meneja akaingia, na hapo ndipo sote tulipoiona bahasha. Ilikuwa mezani palepale, sambamba na ukingo, uso mlangoni. Safari hii yule mzee alikuwa amechora kitu juu yake kwa kalamu: ua lenye petali tano na jani moja lililopinda, kama lile la kwenye foronya, hata ile petali ambayo Foronya aliikosea kushona akaona uvivu kuifumua. Nani angeweza kusema bahasha hiyo si ya Foronya?

Meneja aliangalia ua la karatasi, akaangalia ua la mto, akarudia. Ile fomu aliikunja mara mbili akaitia mfukoni.

"Shuka za hapa zitashuka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne, bosi."

"Haya. Mkataba uko ofisini, uje kesho." Akaondoka, na msimamizi nyuma yake.

Foronya alifuta mikono kwenye sare ingawa ilikuwa safi. Aliichukua bahasha kwa mikono miwili, akakiinamia kitanda kitupu kama mwenyewe yumo ndani yake, akaitia kifuani bila kuifungua. Mimi, mmbea niliyezoea kumuuliza wamekupa ngapi, wamekupa ngapi, sikuuliza. Sijauliza mpaka leo.

"Shuka chini, dobi," alisema. "Nina kitanda cha kutandika, na leo nataka kujaribu zile pembe."

Nilirudi kwenye chumba changu kisicho na dirisha, nikazima ile mashine inayotetemeka ili nisikie vizuri, nikasimama chini ya shimo la ukutani. Saa nne kasoro dakika chache shuka za 312 zikaja. Siku zote naziacha zianguke sakafuni. Zile nilizipokea kwa mikono miwili.